UZI: Mvinyo wa Kifaransa mkoa kwa mkoa, mwekundu na mweupe: kuchagua, kuandaa na kufurahia

Mhudumu wa Saône (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara humu jukwaani mtu akiulizia mvinyo wa Ufaransa anapewa majibu mawili: "chukua Bordeaux" au "chukua wa bei". Mimi ni mhudumu wa mgahawa hapa Lyon. Kazi yangu ni kubeba sahani na kufungua chupa, na ninachokiona mezani ni kwamba anayeondoka ameridhika si yule aliyelipa nyingi, ni yule aliyejua chupa yake imetoka wapi na akainywa ikiwa na ubaridi wake. Hayo mawili ndiyo ninayotaka tuyaongee. Asiyekunywa kwa imani au kwa afya namheshimu sana, sikuja kumshawishi mtu aanze.

Nianze na lebo, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Chupa ya Chile au Afrika Kusini inakutajia zabibu kwa herufi kubwa: Merlot, Chardonnay, Shiraz. Ya Kifaransa mara nyingi inakutajia mahali tu: Chablis, Chinon, Morgon, Sancerre. Ni sheria hiyo. Mwaka 1935 ilianzishwa taasisi ambayo leo inaitwa INAO kwa ajili ya kulinda majina ya mahali, na mwaka 1936 yakatangazwa majina ya kwanza, yakiwemo Arbois na Châteauneuf-du-Pape. Jina likishalindwa, sheria inapanga mipaka ya mashamba, zabibu zinazoruhusiwa, mavuno kwa hekta, hata namna ya kupogoa. Kwa hiyo ukisoma "Chablis" umeshaambiwa kila kitu: mweupe, mkavu, Chardonnay tupu, kutoka sehemu ya baridi yenye udongo wa chokaa uliojaa vipande vya magamba ya chaza wa kale. Ukisoma "Chinon", karibu kila mara ni mwekundu wa Cabernet Franc. Jina la mahali ndiyo maelezo yenyewe.

Hilo ndilo daraja la AOC (siku hizi utaona pia AOP, maana ni ileile). Chini yake kuna IGP, kama Pays d'Oc ya kusini, ambapo mkulima yuko huru zaidi na zabibu huandikwa wazi. Mwisho kuna Vin de France, isiyotaja mkoa. Msiidharau hiyo ya mwisho. Wapo wakulima hodari walioingia humo kwa hiari yao kwa sababu wamepanda zabibu ambayo kanuni za kijiji chao hazikubali.

Vitu vidogo vya kutazama kabla hujalipa:

Umbo la chupa. Yenye mabega ni Bordeaux, na majirani zake wa kusini-magharibi. Yenye mabega ya mteremko ni Bourgogne, Rhône na sehemu kubwa ya Loire. Ndefu nyembamba ni Alsace.

Maneno "mis en bouteille au château" au "au domaine". Maana yake mvinyo umetiwa chupani hapohapo ulipotengenezwa. Pia tazama juu ya kizibo: baadhi zina stempu ya kodi ya Ufaransa yenye herufi. R ni mkulima mwenyewe, N ni mfanyabiashara anayenunua kwa wakulima. N si alama ya ubaya, ila mimi nikiwa sijui jina lolote kwenye rafu naanzia kwenye R.

"Grand vin" na "cuvée spéciale" si madaraja. Peke yake hayathibitishi ubora. Halikadhalika mchoro wa ngome kwenye lebo haujawahi kuufanya mvinyo uwe mtamu.

Naendelea na mikoa. Ulizeni.

Kipanga wa Ngong

Nimekaa siti ya mbele kabisa, ndugu. Swali: hapa Nairobi rafu ya Ufaransa imejaa Bordeaux na bei ni kutoka chini hadi juu kabisa. Mtu anaokota gani?

Mhudumu wa Saône

Ndugu Kipanga, Bordeaux ni kubwa mno kuiita kitu kimoja. Kuna mito miwili, Garonne na Dordogne, inayokutana na kuwa Gironde. Ukingo wa kushoto (Médoc, Graves) una changarawe, na changarawe inaipenda Cabernet Sauvignon: mvinyo wenye ukakasi, unaotaka miaka na unaotaka nyama. Ukingo wa kulia (Saint-Émilion, Pomerol) una mfinyanzi na chokaa, hapo Merlot ndiyo bibi wa nyumba: mlaini zaidi, unanyweka mapema. Karibu wote ni mchanganyiko wa zabibu mbili tatu.

Ile orodha maarufu ya madaraja matano ilitengenezwa mwaka 1855 kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, enzi za Napoleon III. Madalali waliipanga kwa kuangalia bei za sokoni za wakati ule. Mpaka leo karibu haijaguswa. Badiliko kubwa ni Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Kwa mimi na wewe orodha hiyo haitusaidii kitu dukani.

Kinachosaidia ni kujua majirani. Unataka Saint-Émilion na mfuko haukubali? Tafuta Fronsac au Castillon. Unatamani Pomerol? Ipo Lalande-de-Pomerol ng'ambo ya kijito. Côtes de Bourg na Blaye ziko ng'ambo ya maji kutoka Médoc na hazina jina kubwa, kwa hiyo unalipia mvinyo badala ya jina. Na kuna Bordeaux mweupe mkavu, Entre-Deux-Mers, ambao watu wanaupita tu kwenye rafu. Sauvignon Blanc na Sémillon, mwepesi, bei ya kawaida. Ndio ninaoweka mezani nyumbani wageni wakija na sijui watakula nini.

Ile Bordeaux ya bei ya chini kabisa, isiyo na jina la shamba wala la kijiji, iacheni. Kwa pesa hiyohiyo Languedoc itakupa kitu chenye roho: Corbières, Minervois, Faugères.

Dada wa Forodhani

Na Bourgogne je? Niliona chupa uwanja wa ndege bei yake nikadhani ni namba ya simu.

Mhudumu wa Saône

Dada, Bourgogne bei imepanda kweli, na sababu ni udogo. Mwekundu ni Pinot Noir, mweupe ni Chardonnay, na ardhi imegawanywa vipande vipande tangu enzi za watawa. Kila kipande kina jina na kinaitwa climat; UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Kuna ngazi nne: mkoa, kijiji, premier cru (mashamba teule), grand cru (ya juu kabisa). Romanée-Conti, inayozungumzwa dunia nzima, ni shamba lisilofika hekta 2. Sasa gawanya chupa hizo kwa matajiri wote wa dunia.

Hapa kuna mtego unaowakamata hata Wafaransa. Vijiji kadhaa vilibandika jina la shamba lao maarufu nyuma ya jina la kijiji. Gevrey ilikuwa Gevrey tu hadi mwaka 1847, ikawa Gevrey-Chambertin. Kwa hiyo "Chambertin" ni grand cru, "Gevrey-Chambertin" ni mvinyo wa kijiji. Vyote vizuri, ila si kitu kimoja. Na Pouilly ziko mbili: Pouilly-Fuissé ni Chardonnay ya kusini mwa Bourgogne, Pouilly-Fumé ni Sauvignon Blanc ya Loire. Mteja akiagiza "Pouilly" tu, lazima nimuulize.

Jambo jingine la Bourgogne ni kwamba mahali peke yake hapatoshi, unataka na jina la mkulima. Clos de Vougeot ni shamba moja lenye ukuta, hekta 50 hivi, lakini wenye nalo ni kama 80. Jina ni moja na mikono ni themanini. Mmoja anavuna kwa uangalifu, mwingine anabana gharama, na lebo zote zimeandika Clos de Vougeot.

Kwa mfuko wa kawaida nenda kusini. Mweupe: Mâcon-Villages, Saint-Véran, Viré-Clessé. Mwekundu: Givry, Mercurey, Rully (Rully mweupe pia ni mzuri mno). Ni zabibu zilezile, chokaa ileile, saa moja ya gari kutoka kwenye yale majina ya kutisha.

Mzee wa Chamwino

Vijana, mimi niko Dodoma, zabibu nazijua tangu zikiwa mche. Nimezoea mvinyo wetu mtamu. Mwanangu aliniletea chupa ya Kifaransa mweupe, nikaonja, mchachu, mkali, nikaiacha. Tatizo ni mimi au chupa?

Mhudumu wa Saône

Shikamoo mzee wangu. Si wewe wala si chupa, mlikosana tu. Mvinyo mweupe wa Ufaransa kwa sehemu kubwa ni mkavu, sukari yote imekwisha kugeuka kileo, kinabaki uchachu unaoamsha mate kwa ajili ya chakula. Ukiunywa peke yake bila kula, unakupiga.

Mwambie mwanao akutafutie Vouvray iliyoandikwa "demi-sec" au "moelleux". Vouvray ni kijiji cha Loire karibu na Tours, zabibu ni Chenin Blanc. Utamu upo, na uchachu uko chini yake unaubeba, hauchoshi mdomo. Au Gewürztraminer ya Alsace, yenye harufu ya waridi na lichi. Alsace ndiyo mkoa unaoandika zabibu kwenye lebo, na siku hizi inaandika pia kiwango cha utamu: sec, demi-sec, moelleux, doux. Mzee wangu wewe anzia neno la tatu.

Na kama kuna sherehe, Sauternes. Huo hutokana na zabibu zilizoota ukungu. Kijito baridi cha Ciron kinaingia Garonne yenye uvuguvugu, asubuhi za vuli ya huku ukungu wa hewani unafunika mashamba, na kuvu la Botrytis linatoboa ganda la zabibu. Maji yanakauka, sukari inabaki. Wavunaji wanapita shamba moja mara kadhaa wakichagua tunda moja moja lililokwisha kunyauka. Huku hunywewa na maini ya bata au jibini la Roquefort lenye chumvi. Glasi ndogo inatosha.

Kipanga wa Ngong

Mkuu umeishi Lyon, hujasema lolote kuhusu Beaujolais. Ule wa Novemba ndio huo?

Mhudumu wa Saône

Hapo sasa umenigusa. Wenyeji husema Lyon ina mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais. Ule wa Novemba, Beaujolais Nouveau, hutolewa Alhamisi ya tatu ya mwezi huo, mvinyo wa zabibu zilizovunwa miezi miwili tu nyuma. Ni wa kusherehekea mavuno, unywe ndani ya majira hayo uishe. Ubaya ni kwamba umelifunika jina la mkoa mzima, watu wanadhani Beaujolais yote ni hiyo.

Kaskazini mwa mkoa kuna vijiji kumi vyenye jina lao wenyewe, na kwenye lebo mara nyingi neno Beaujolais hulioni: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Zabibu ni Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliipiga marufuku kwake akiiita mbaya na ya hila, apendelewe Pinot. Ikabaki kusini kwenye mwamba wa graniti, na kumbe huko ndiko inakokaa vizuri.

Niliwahi kwenda kuvuna Villié-Morgon. Mizabibu ya zamani ya kule haina waya. Kila mti umepogolewa kama kikombe, matawi yamefunguka juu, urefu hauvuki paja. Unavuna umeinama. Mkono wa kushoto unainua majani, wa kulia una mkasi mfupi uliopinda, unakata kikonyo, kishada kinaangukia kwenye ndoo. Mashine haziingii kwa sababu vishada vinatakiwa vifike vizima. Vinamiminwa tangini bila kupukuchuliwa, na matunda yaliyo mazima yanaanza kuchacha ndani ya ganda lake. Ukitoa tunda moja siku ya nne ukalitafuna, ulimi unasisimka, kileo kimo ndani tayari. Njia hiyo ndiyo inayotoa ile harufu ya cheri na rasiberi na kuacha ukakasi mdogo.

Fleurie ni laini, yenye harufu ya maua. Morgon na Moulin-à-Vent zina mifupa, ziweke miaka mitano au kumi zinaanza kufanana na Bourgogne. Kwenye migahawa ya kienyeji hapa mjini mvinyo huu huletwa kwenye chupa inayoitwa pot, sentilita 46, kitako chake ni kioo kizito cha vidole viwili. Na huja wa baridi. Ndiyo, mwekundu, wa baridi.

Baharia Mstaafu

Hapo mwisho nakupinga. Nimefanya kazi melini miaka mingi, nimewahudumia wazungu. Mvinyo mwekundu ni joto la chumba. Kuutia friji ni kuuharibu, hiyo kila mtu anajua.

Mhudumu wa Saône

Kaka Baharia, nashukuru kwa kupinga, maana hili ndilo nilitaka hasa tulifikie.

Chumba kinachozungumzwa ni cha nyumba ya mawe ya Ufaransa ya zamani, kabla ya hita za kisasa: nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar mwezi Februari ni nyuzi 30. Mvinyo mwekundu ukiwa na nyuzi 30 kileo kinaruka puani kabla ya tunda, ukakasi unalegea, unaonja kama dawa ya kikohozi iliyochemshwa. Chupa ya bei kubwa ikinywewa hivyo inashindwa na chupa ya kawaida iliyopozwa vizuri. Hili nalisema bila wasiwasi wowote. Ukitaka kuboresha mvinyo wako bila kuongeza hata shilingi, rekebisha joto.

Beaujolais na wekundu wepesi wa Loire (Chinon, Bourgueil): nyuzi 12 hadi 14. Bourgogne mwekundu: 14 hadi 16. Bordeaux, Rhône, Cahors: 16 hadi 18, usivuke. Mweupe mwepesi kama Muscadet au Picpoul de Pinet: 8 hivi. Chablis, Sancerre, Riesling: 10. Bourgogne mweupe mzito uliokaa kwenye pipa la mwaloni: 12 au 13.

Kosa la upande wa pili ni mweupe ulioganda. Friji ya nyumbani iko karibu nyuzi 4. Ukiutoa humo na kumimina papo hapo, husikii harufu yoyote, umelipia Chablis unakunywa maji baridi. Utoe dakika 15 au 20 kabla. Mwekundu ufanyie kinyume: utie friji saa moja kabla ya wageni kuketi, kwa nyumba za pwani hata zaidi kidogo. Hauna muda? Ndoo, nusu barafu nusu maji. Barafu tupu hugusa chupa hapa na pale. Maji ndiyo yanayoizunguka. Dakika 15 mwekundu uko tayari. Na ukiumimina wa baridi kidogo kuliko inavyotakiwa ni sawa, kwenye glasi utapata joto wenyewe haraka.

Kipimajoto hauhitaji. Shika chupa: mwekundu uhisi ubaridi mkononi lakini usitoe jasho, mweupe utoe jasho jembamba.

Baharia Mstaafu

Hizo nyuzi 16 sikuwahi kuambiwa. Leo nimetia Côtes du Rhône yangu friji. Nitarudi.

Nyota ya Kivu

Bonsoir wote, niko Bruxelles, natokea Bukavu. Naongeza kuhusu Rhône kwa sababu ndiyo tunayokunywa sana na familia. Kaskazini ni Syrah peke yake kwa wekundu, ina harufu ya pilipili manga kweli kabisa. Hermitage, mvinyo wa kilima cha jina hilo, ni ghali, lakini Crozes-Hermitage inayokizunguka kile kilima, na Saint-Joseph ng'ambo ya mto, tunapata. Kwa mbuzi wa kuchoma hakuna bora. Kusini ni Grenache, ina joto zaidi, kileo 14 na kuendelea.

Mhudumu wa Saône

Karibu sana ndugu wa Kivu, umesema kweli tupu. Zamani, karne ya 19, wafanyabiashara wa Bordeaux walikuwa wanachanganya Hermitage kwenye mvinyo wao ili kuupa nguvu, na waliuuza kwa bei ya juu zaidi. Kilima chenyewe hakifiki hekta 140, ndiyo maana ni adimu.

Kusini, badala ya Châteauneuf-du-Pape tazama Gigondas, Vacqueyras, au Côtes du Rhône Villages yenye jina la kijiji. Châteauneuf wenyewe ni watu wenye wivu na ardhi yao: mwaka 1954 halmashauri ilipitisha amri ya kukataza visahani vya angani kutua kwenye mashamba ya mizabibu!

Dada wa Forodhani

Sasa chakula. Mimi mapishi yangu ni samaki wa nazi, pweza, pilau ya viungo. Wageni wangu wengine wanakunywa. Niwawekee nini?

Mhudumu wa Saône

Samaki wa nazi anataka mweupe wenye mwili, maana nazi ina mafuta. Pinot Gris ya Alsace, au Côtes du Rhône mweupe. Ukipata yenye Viognier, harufu yake ya aprikoti inakaa vizuri na nazi na tangawizi. Pweza wa kukaanga au wa kuchoma wenye ndimu: Picpoul de Pinet. Inalimwa kando ya ziwa la maji chumvi la Thau, wanakofuga chaza, na watu wa pale huvinywa na kuvila pamoja. Muscadet vilevile, upande wa Nantes. Tafuta yenye maneno "sur lie": imelala juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi, inapata kaladha ka mkate na mchomo mdogo kwenye ulimi. Bei yake bado ni ya kibinadamu.

Pilau na biriani ndiyo mtihani. Pilipili na kileo kingi vikikutana moto unaongezeka, na ukakasi ukiwepo ndiyo balaa. Hivyo usiweke Bordeaux. Weka Gewürztraminer au Riesling yenye utamu kidogo. Kwa mtu anayetaka mwekundu tu, Fleurie ya nyuzi 13.

Samaki na mwekundu mkakasi huacha ladha ya chuma mdomoni. Jibini la mbuzi na Sancerre ni ndugu wa damu: Chavignol, kijiji cha jibini la Crottin, kiko ndani ya mipaka ya Sancerre. Mambo mengi ya Kifaransa ni hivyo, kilichoota pamoja huliwa pamoja.

Kipanga wa Ngong

Ukakasi ndio nini hasa? Na unajuaje chupa imeharibika, maana nikirudisha dukani naogopa kuonekana mshamba.

Mhudumu wa Saône

Kunywa chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake kwenye birika. Ule ukavu unaoshika fizi na ulimi ndio wenyewe. Unatoka kwenye maganda, mbegu na pipa. Nyama yenye mafuta inaulainisha, ndiyo maana Madiran na bata wanapatana.

Chupa mbovu: kizibo kilichoota maradhi hutoa harufu ya katoni iliyolowa maji. Haikudhuru, lakini tunda limekufa na haliponi hata ukingoja. Joto likiipiga chupa, kizibo husukumwa juu ya mdomo au kunakuwa na alama ya kuvuja chini ya foili. Hiyo unaiona kabla ya kununua, kwa hiyo pitisha kidole pale juu. Mweupe wa kawaida uliogeuka rangi ya asali ukiwa na miaka michache tu, uache. Zilizopangwa dirishani juani, ziache zote. Kurudisha chupa yenye harufu ya katoni ni haki yako. Hapa mgahawani mteja akinirudishia nanusa, nakubali, naleta nyingine. Ndiyo maana tunakuonjesha kwanza, si kwa ajili ya kuuliza kama umeupenda.

Kufungua: kata foili chini ya ukingo wa mdomo wa chupa, si juu yake. Futa. Zungusha kizibuo katikati, vuta taratibu. Glasi ijae theluthi moja tu ili iwe na nafasi ya kuizungusha, na ishikwe mguuni, kiganja kisiupashe moto.

Baharia Mstaafu

Nimerudi. Saa moja na robo friji. Mke wangu hakuambiwa lolote, akauliza kama nimebadilisha chupa. Nimenyoosha mikono. Sasa niambie, ile iliyobaki nusu naiachaje? Na ile ya kumimina kwenye jagi ina maana yoyote?

Mhudumu wa Saône

Msalimie shemeji!

Nusu iliyobaki rudishia kizibo uitie friji, hata mwekundu. Siku mbili, tatu, bado ni mzuri. Ikipita hapo pikia.

Jagi lina kazi mbili tofauti. Mwekundu mchanga wenye ukakasi mwingi (Cahors, Madiran, Bandol) umimine saa moja au mbili kabla, upate hewa, ukianguka kwa kishindo ni vizuri. Mwekundu mzee wenye mashapo ni kinyume: simamisha chupa tangu jana yake ili takataka ishuke chini, umimine polepole mkono usitetemeke, usimame uonapo wingu linakaribia shingo, na unywewe mara moja kwa sababu harufu yake haingoji. Beaujolais na weupe wengi hawahitaji jagi lolote.

Kuhifadhi, kwa sababu najua swali linalofuata: laza chupa ili kizibo kilowe, gizani, sehemu ya chini na baridi kuliko zote nyumbani. Juu ya kabati la jikoni au juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote. Na kama nyumba yako ni ya joto mwaka mzima, usiweke akiba ya miaka. Mvinyo mwingi wa Ufaransa umetengenezwa unywewe ndani ya miaka mitatu minne, nunua wa mwezi huu, unywe.

Dada wa Forodhani

Nimepata Picpoul na Pinot Gris duka moja la mjini. Picpoul ni ya mwaka juzi, Pinot Gris ina miaka sita. Nichukue zote?

Mhudumu wa Saône

Picpoul chukua. Pinot Gris ya Alsace miaka sita inaiweza, ila waulize imekaa wapi muda wote huo. Kama ilikuwa rafuni kwenye joto, chukua Picpoul mbili.